Mzigo Usioandikwa Daftarini

Wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za herufi mbili tu, P na K, na mambo yanayojificha nyuma yake.

Herufi hizo mnazo nyumbani. Zimo kwenye simu ya mama, zimo kwenye kompyuta ya shule, zimo hata kwenye mtihani wa majaribio ambao mwalimu ameuchapa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila waraka wa kawaida wa Word wenye mkia wa .docx huanza na herufi hizo. Kitabu cha .epub nacho, programu ya Android yenye mkia wa .apk nayo, na bila shaka faili la .zip lenyewe. Ukichungulia baiti mbili za kwanza za lolote kati ya hayo, unakuta 50 na 4B.

Msitishwe na hiyo 4B. Baiti ni namba ndogo, kuanzia 0 hadi 255, na faili lolote, liwe wimbo au picha ya harusi, ni msururu wa baiti na si kitu kingine. Wanaozichunguza huziandika kwa tarakimu kumi na sita badala ya kumi: wakifika 9 wanaendelea na A, B, C, D, E hadi F. Basi 4B ni 4 mara 16, ongeza 11, jumla 75. Katika jedwali la herufi ambalo kompyuta hulifuata, 75 ni K, na 50 ya tarakimu hizo, yaani 80, ni P.

P na K ni mtu. Aliitwa Phil Katz, mzaliwa wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1962. Alipokuwa kijana, watu walitumiana mafaili kupitia laini ya simu ya kawaida. Kazi ilikwenda polepole, na mara nyingi kila dakika ililipiwa. Disketi nyingi za wakati huo zilibeba kilobaiti 360 tu. Picha moja uliyopiga jana kwa simu isingeenea humo. Kwa hiyo anayejua kubana mafaili yakawa madogo alikuwa na kitu ambacho kila mtu alikihitaji.

Kampuni iliyotamba ilikuwa SEA, na mfumo wake uliitwa ARC. Katz akaandika programu yake ya kubana kwa mfumo huohuo, ikawa na kasi kuliko ya wenyewe. Mwaka 1988 SEA ikampeleka mahakamani, wakapatana, na ARC ikabidi aiache. Ndipo akabuni mfumo wake mpya, ZIP, akautoa mwaka 1989. Sasa sikilizeni jambo ninalompendea mtu huyu: aliuandika mfumo wake wote katika waraka wa wazi, baiti kwa baiti, akaruhusu yeyote autumie. Kwa sababu hiyo, waliobuni .docx, .epub na .apk miaka mingi baadaye waliuchukua ulivyo. Katz alifariki Aprili 2000 akiwa na miaka 37. Lakini mwanzoni mwa kila faili alisimika herufi za jina lake, na hadi leo mabilioni ya mafaili yanazibeba. Hiyo ndiyo siri ya kwanza iliyofichika ndani ya ZIP, nayo iko mlangoni kabisa.

Haya, tuingie ndani.

Faili la ZIP limepangwa hivi. Kwanza yanakuja mafaili yaliyobanwa, moja baada ya jingine, kila moja na kichwa chake chenye jina na vipimo. Yakiisha, inafuata orodha kuu: inayarudia majina yote na kusema kila faili linaanzia baiti ya ngapi. Mwisho kabisa kuna kipande kifupi cha baiti 22 kinachosema orodha iko wapi na ina mafaili mangapi.

Programu ya kufungua ZIP haianzii mwanzo kusoma. Inakwenda mwisho, inatafuta zile baiti 22, zinaielekeza kwenye orodha, na orodha inaielekeza kwenye mafaili. Katz alikuwa na sababu. Faili kubwa liligawanywa kwenye disketi kadhaa, na orodha ikiwa mwisho, uliweza kuandika disketi moja baada ya nyingine bila kurudi kusahihisha ya kwanza. Ndiyo maana wakati wa kufungua, programu ilikuomba uingize kwanza disketi ya mwisho.

Fikirieni basi la mikoani. Kondakta ana daftari, na kila mzigo uliomo kwenye buti umeandikwa humo: gunia la nani, linashuka wapi. Basi likifika, kondakta hapekui buti. Anasoma daftari, anaita majina, anatoa mizigo. Kama kuna mfuko uliosukumwa katikati ya magunia bila kuandikwa, utasafiri kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na hakuna atakayeuita. Programu yako ya ZIP ndiyo kondakta huyo. Inapokuonyesha kwamba ndani kuna mafaili mawili, inakusomea daftari. Buti haijalitazama.

Kwa hiyo anayetafuta kilichofichwa huliacha daftari kando kidogo, akashika baiti mwenyewe. Kwenye Linux na Mac kuna amri inayoitwa xxd, kwenye Windows wengi hutumia programu ya bure iitwayo HxD. Zote mbili zinakuonyesha faili kama lilivyo, safu kwa safu za baiti.

Nimewatengenezea mfano mdogo. Tuseme umepewa faili la ZIP lenye baiti 2,724. Ukilifungua unaona mafaili mawili: barua.txt na ramani.png. Unashuka hadi mwisho, unakuta baiti hizi 22:

50 4B 05 06 00 00 00 00 02 00 02 00 6F 00 00 00 1F 0A 00 00 00 00

Tuzisome pamoja, taratibu. 50 4B ni jina la Katz, na 05 06 zinasema huu ndio mwisho. Sufuri nne zinazofuata ni namba za disketi! Hakuna mtu tena anayegawanya faili kwenye disketi, lakini nafasi yake bado ipo. Halafu 02 00, mara mbili: mafaili ni mawili. Humu namba huandikwa baiti ndogo mbele, kwa hiyo 02 00 ni 2 na wala si 512. Kisha 6F 00 00 00: orodha kuu ina urefu wa baiti 111. Tuihakiki. Kila mstari wa orodha una baiti 46 na kuongeza urefu wa jina. Jina barua.txt lina herufi 9, ramani.png lina 10. Basi 46 na 9, na 46 na 10, jumla ni 111. Imelingana.

Inayofuata ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote. 1F 0A 00 00. Tukiigeuza, baiti ndogo mbele: 0A ni 10, mara 256 ni 2,560; 1F ni 31; jumla 2,591. Maana yake orodha inaanza kwenye baiti ya 2,591, na kila kilicho kabla ya hapo kinapaswa kuwa mafaili yenyewe. Sufuri mbili za mwisho zinasema hakuna maoni yaliyoongezwa.

Hapo unachukua kalamu. Kila faili ndani ya kifurushi hiki linachukua baiti 30 za kichwa, halafu jina, halafu data iliyobanwa. Orodha inasema barua.txt imebanwa hadi baiti 412. Basi 30, na 9, na 412: ni 451. Ramani imebanwa hadi baiti 2,000, basi 30, na 10, na 2,000: ni 2,040. Jumlisha yote mawili upate 2,491.

Lakini orodha inaanzia 2,591.

Kuna baiti 100 hapo kati zisizo na mwenyewe. Hazimo kwenye barua, hazimo kwenye ramani, na programu ya kufungua haitakuambia neno juu yake, maana daftarini hazimo. Baiti 100 zinatosha sentensi nzima yenye mahali, siku na saa ya kukutana. Unarudi kwenye xxd, unashuka hadi kwenye pengo hilo, unasoma.

Mnaona? Hakuna uchawi uliofanyika. Tumetumia hesabu ya kujumlisha na kutoa, na ukaidi wa kutokubali kusomewa orodha tu.

Pengo la katikati ni aina moja ya maficho. Sehemu ya maoni, ambayo kwenye mfano wetu ilikuwa tupu, inaweza kubeba hadi baiti 65,535, na programu nyingi hazikuonyeshi mpaka uombe. Kila kichwa cha faili nacho kina nafasi ya nyongeza ambayo programu isiyoielewa huiruka tu. Lakini maficho yanayowafurahisha watu kuliko yote yako mbele.

Kwa kuwa msomaji wa ZIP anaanzia mwisho, mbele ya faili unaweza kuweka chochote. Na msomaji wa picha ya JPEG hufanya kinyume: anaanza mwanzo, kwenye baiti FF D8, anasoma mpaka akutane na FF D9, hapo anaona picha imekwisha na haendelei. Basi ukichukua picha ya jahazi na kuiunganisha na faili la ZIP, picha mbele na ZIP nyuma, unapata faili moja lenye sura mbili. Kwenye Linux ni amri ya mstari mmoja:

cat jahazi.jpg siri.zip > jahazi2.jpg

Fungua jahazi2.jpg kwa programu ya picha, unaona jahazi. Andika unzip -l jahazi2.jpg, unaona orodha ya mafaili yaliyomo kwenye siri, pamoja na onyo kwamba kuna baiti za ziada mwanzoni. Onyo hilo mliheshimu sana. Linatokea kwa sababu orodha ilihesabu kuanzia mwanzo wa siri.zip, na sasa kila kitu kimesukumwa nyuma kwa urefu wa picha. Tofauti kati ya pale orodha inaposema na pale vitu vilipo ndiyo inayokufichulia kwamba kuna kilichopachikwa, na kina ukubwa gani.

Ukitilia shaka picha usiyoijua asili yake, angalia uzito wake kwanza. Picha ndogo ya mraba yenye megabaiti 9 ina la kueleza. Kisha tafuta ndani yake mfuatano wa 50 4B 03 04, unaoanzisha kila faili ndani ya ZIP. Ipo programu iitwayo binwalk inayopitia faili kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho ikitafuta alama za namna hiyo, za ZIP na za mifumo mingine mingi. Ila kumbukeni: baiti nne zinaweza kukaa pamoja kwa bahati tu. Ukizikuta, tazama kinachofuata kama kinasomeka kama kichwa cha faili, chenye jina na vipimo vya maana.

Kwa anayetaka kujizoeza, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, ambacho kina tawi Kigali, huendesha mashindano ya bure ya wanafunzi yanayoitwa picoCTF. Humo mafumbo ya aina hii ni mengi, na unayafungua ukijua umeruhusiwa. Faili la mtu mwingine, ambaye hakukupa ruhusa, liacheni.

Mtaniuliza: kwa nini nisitafute tu neno "siri" ndani ya faili zima? Kwa sababu ya kubanwa. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv, walichapisha njia ya kubana ambayo ZIP ingali inaitumia katika msingi wake. Tuandike: haba na haba hujaza kibaba. Herufi za "haba" ya kwanza zinaandikwa kama zilivyo. Ikifika "haba" ya pili, haiandikwi tena. Badala yake inawekwa alama: rudi nyuma herufi 8, chukua 4. Hesabuni wenyewe muone. Alama hiyo inaweza kurudi nyuma hadi baiti 32,768. Baada ya hapo inakuja hatua ya pili, aliyoibuni David Huffman na kuichapisha mwaka 1952: herufi inayojirudia mara nyingi inapewa alama fupi ya biti chache (biti ni vipande vidogo vinavyounda baiti), ile adimu inapewa ndefu. Matokeo yake mipaka ya herufi haifuati tena mipaka ya baiti, na neno "siri" halionekani popote ingawa limo. Kwanza data iliyobanwa ifunguliwe, ndipo utafute.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyojificha bila mtu yeyote kukusudia, maana hivyo ndivyo vingi zaidi. Chukua waraka wako mwenyewe wa .docx, utengenezee nakala, badilisha mkia wa nakala uwe .zip, uifungue. Utakuta folda. Ndani ya docProps kuna faili linaloitwa core.xml, na humo mara nyingi kuna jina la aliyeuanzisha waraka, jina la aliyeuhariri mwisho, na tarehe. Kijana anayenakili kazi ya mwenzake na kubadilisha jina pale juu tu, jina la mwenzake analipeleka kwa mwalimu akiwa hana habari.

Fungua pia folda ya word, ingia media. Picha zote za waraka zimo. Mtu akikata picha ndani ya Word ili kumwondoa aliyesimama pembeni, kwa kawaida Word inaificha tu sehemu iliyokatwa, na picha nzima inabaki humo. Hili nalisema kwa uzito. Mtu amemkata mtoto wake kwenye picha ili sura isionekane, akautuma waraka kwa watu mia, na sura imekwenda nao. Ukikata picha, ikate kabla hujaiingiza.

Na nywila? Wengi wanaamini ukifunga ZIP kwa nywila, kila kitu kimefunikwa. Kwa kawaida majina ya mafaili yanabaki wazi, na ukubwa, na tarehe. Katika ufungaji wa zamani, ambao programu nyingi bado zinautumia, inabaki wazi pia hesabu ya ukaguzi iitwayo CRC-32, inayopigwa kutoka kwenye data kabla haijafungwa. Mtu akiweka PIN yake ya tarakimu nne ndani ya faili la maandishi, peke yake, bila hata nafasi mwishoni, orodha itasema: ukubwa baiti 4, hesabu ya ukaguzi ni hii. PIN zinazowezekana ni 10,000. Kompyuta inazipigia zote hesabu mara moja, na hakuna PIN mbili zinazotoa jibu moja. PIN imepatikana, na nywila haijaguswa. Ufungaji mpya wa AES unaweza kuiacha hesabu hiyo ikiwa sufuri. Majina ndiyo bado yanasomeka.

Tumalizie na simu, maana programu za .apk zinapita mkono kwa mkono kwetu huku, mtu anamrushia mwenzake ili kuokoa bando. Julai 2013 kampuni ya Marekani iitwayo Bluebox ilitangaza kasoro iliyokuwamo kwenye Android tangu toleo la 1.6. Kila .apk hutiwa saini na mtengenezaji wake, na simu huikagua kabla ya kuikubali. Waliogundua kasoro waliuliza swali la kitoto kabisa: je, orodha ikiwa na mafaili mawili yenye jina lilelile? Sehemu ya simu inayokagua saini ilisoma moja. Sehemu inayoendesha programu ilisoma jingine. Mwovu angeweza kuacha faili halali likaguliwe na lake liendeshwe, na saini ya mtengenezaji ikaonekana haijaguswa. Google ilitoa marekebisho, lakini hebu fikirini: wasomaji wawili wazuri, faili moja, na kila mmoja akaona kitu tofauti.

Mwaka 2016, kuanzia Android 7.0, ilikuja saini ya aina mpya inayolinda faili zima badala ya faili mojamoja. Wahandisi wakahitaji mahali pa kuiweka bila kuharibu ZIP, na mahali walipopachagua ni lile pengo letu, kati ya faili la mwisho na orodha kuu. Programu yoyote ya ZIP inaifungua .apk bila kuiona saini hiyo.

Nyinyi mnaweza kuiona leo. Chukueni .apk yoyote mliyo nayo, ifungueni kwa xxd au HxD, shukeni hadi baiti 22 za mwisho. Someni zile baiti nne zinazosema orodha inaanzia wapi, zigeuzeni, nendeni mahali hapo, kisha rudini nyuma baiti 16. Karibu kila programu ya siku hizi itawaonyesha herufi hizi, wazi, bila kubanwa: APK Sig Block 42.